Kilometa Tatu

Kaka yangu Mbarouk aliileta kutoka Maskati
ndani ya kontena, katikati ya magodoro na majokofu:
pikipiki ya safari, masanduku mawili ya bati ubavuni,
ringi za inchi kumi na saba zinang'ara kama sinia za harusi,
mipira laini ya watu wenye lami hadi mlangoni.
"Usibadilishe kitu, Raya," akasema.
"Ilivyo ndivyo ilivyo."

Sikuigusa miezi saba.
Kisha Kiuyu ikaigusa.

Mawe ya Kiuyu hayajui adabu za Maskati.
Nilikuwa na chupa arobaini za chanjo ya kideri,
barafu inayeyuka, kuku wa watu wanasinzia mabandani,
ringi ya mbele ikapinda mdomo
kama mtoto aliyenyweshwa muarubaini.
Nikaikokota. Jua lote lile, nikaikokota.

Fundi Shaame wa Wete hasemi maneno mengi.
Alichuchumaa, akapima kwa shibiri, akapima kwa kamba.
"Gari hino imevaa viatu vya kwendea harusini.
Mbele tutie kumi na tisa. Nyuma iache."
Ringi ya spoki, aliivua kwenye pikipiki ya posta
iliyokufa nyuma ya banda lake, kuku wakilalia tangi.
Siku mbili alizivuta spoki moja moja,
akizigonga kwa spana na kutega sikio:
hii imelegea, hii imekaza mno,
hii, aa, hii inasema kweli.
Madigadi ikagoma; akaikata kwa msumeno.
Ekseli ikacheza; akaitia waisha mbili
na bismillahi moja.

Ukigusa kimoja, vyote vinakuita.
Taa ikawa inamulika makuti ya minazi, njia gizani.
Stendi ikawa fupi, chombo kinaegemea kama mgonjwa.
Na mimi, ambaye mama alinizaa mfupi makusudi,
nikabaki nautafuta mchanga kwa ncha za vidole.

Hapo Shaame akacheka, mara ya kwanza.
Akauchukua ule mpira wa mbele, wa Maskati,
akaukata nyayo mbili,
akazipigilia misumari chini ya viatu vyangu.

Lakini mita.
Mita inahesabu mizunguko, njia haiijui.
Gurudumu kubwa linazunguka mara chache,
na Chake hadi Wete kwa barabara ya zamani,
thelathini ya miaka yote,
sasa inasomeka ishirini na saba.
Nilirudia mara tatu, nikidhani nimeruka kona.

Kila Ijumaa baada ya sala Mbarouk hupiga simu.
Anataka picha: nampigia tangi, nampigia masanduku,
nampigia usukani na anga nyuma yake.
Anataka hesabu: "Imekwenda ngapi wiki hii?"
Namsomea mita ilivyo, tarakimu kwa tarakimu.
Mimi msomaji tu.

"Huendi mbali siku hizi," akasema juzi. "Vizuri."

Vizuri.
Ndani ya kila thelathini zangu mna tatu
zisizoandikwa pahala,
si kwenye mita, si kwenye daftari la idara, si Maskati.
Jana nilizitumia baada ya Ziwani.
Karafuu zimeanikwa ukingoni, wekundu unageuka weusi;
nikapunguza mwendo nisiwarushie vumbi wenye mikeka,
nikazima injini juu ya mteremko,
nikakiacha chombo kishuke chenyewe.
Sikuwa nakwenda kwa mtu.
Kuku wote walishachanjwa.
Spoki za posta zilikuwa zinanong'ona,
barua gani sijui, za nani sijui.
Mwisho wa mteremko nikateremsha mguu.
Ukafika.