Kabureta Juu

Siipakii ikiwa moto. Hilo la kwanza.
Naiacha uani kwa Endel nusu saa ipoe.
Ananimiminia kahawa, jina la mdogo wake halitaji;
husema "yule", na kidevu kinaelekea Võru,
kilomita arobaini na kitu.
"Mwambie yule tangi nimelikausha."

Kweli kalikausha. Kafyonza kwa mpira na pampu ya mkono,
kisha kaiwasha, ikakohoa, ikakohoa,
ikafa kwa kiu.
Dumu hubaki kwake. Ndani ya gari langu
haliingii tone.

Msitu wa mama waliugawa kwa mizani ya wakili.
Mashine ya kukatia nyasi ikakataa kugawika.
Wakigombana ndugu, shika jembe ukalime, husemwa;
mimi nilishika usukani.
Kila Jumamosi ya pili, mwaka wa sita huu,
kutoka kwa yule kwenda kwa yule.

Kofia ya plagi naivua mwenyewe,
taratibu, kama soksi ya mtoto aliyelala.
Mpini naukunja; skrubu zake natia mfukoni mwa koti
(moja iliwahi kunywewa na mashine ya kufulia).
Ubao wa benchi la sauna ndio ngazi yetu.
Chini kadibodi ya friji, juu yake blanketi.

Isimame kwa magurudumu yake, hiyo ndiyo heri.
Ikibidi kuinamishwa, basi kabureta juu,
kichujio cha hewa kitazame mbinguni,
la sivyo oili itateremka pasipo pake
na siku ya kuwashwa moshi mweupe utaifunika bustani,
majirani wadhani tumempata papa mpya.

Mkanda huku, mkanda kule. Vuta. Tikisa.
Likitikisika gari zima, imekaa.
Dirisha vidole viwili wazi, hata mvua inyeshe.
Sigara zangu ziko nyumbani ndani ya droo,
zinaningoja kama mbwa.

Ilikuwa mkesha wa Yohana,
usiku ambao kila kijiji huwasha moto wake.
Nilikuwa natoka kwa Kalju, korongo juu ya nguzo,
nikashika breki kwenye kona karibu na Kanepi,
na nyuma yangu kitu kikacheka: chwa.
Halafu harufu.

Nilizima gari. Milango yote minne wazi.
Nikaenda kusimama mbali, mtaroni,
maua ya zambarau yakinifika kiunoni,
nikapiga simu nikitetemeka.
"Kalju! Umejaza tangi? Unataka kuniunguza?"
Kimya. Kisha, sauti ya mtoto wa miaka sitini na moja:
"Leo maduka yamefungwa. Nilisema, yule
asije akakwama katikati ya nyasi."

Dumu lilikuwa kwa mmoja. Pampu kwa mwingine.
Nikawaita wote wawili, na sikuwaambia.

Kalju alifika kwa pikipiki yake inayolia kama mbu,
dumu tupu mgongoni kwa kamba.
Endel akashushwa na gari la maziwa,
mpira shingoni, kama daktari.
Wakatazama mashine. Wakatazama barabara.
Tuliishusha kwa ubao hadi kwenye majani.

"Shikilia."
"Nimeshika."
"Usiinamishe upande huo."
"Najua upande."
Petroli ikapita kati yao, nyembamba, ya manjano,
ikijaza dumu kwa sauti inayopanda.

Endel akachungulia chini, akagusa kwa ukucha.
"Kisu umekinoa."
"Kilikuwa butu."
"Mimi nilibadilisha oili, ile ya Mei."
"Niliona."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyemshika mwenzake bega.
Dumu likaenda na pikipiki, pampu ikarudi shingoni.
Tukaipandisha mashine, nikafunga mkanda, nikavuta,
nikatikisa, gari zima likatikisika. Ilikuwa imekaa.

Nikaufungua tena,
nikaanza upya, polepole,
ili wasimame hapo kidogo.