Namba Saba

Mioyo ishirini na minne imetoka sokoni alfajiri
ndani ya mifuko ya nailoni, bado na uvuguvugu.
Nje, moshi wa makaa umeifunika Ulaanbaatar
kama kifuniko cha sufuria.
"Vaeni glavu," nikasema. "Mwaka wa kwanza hakatwi mtu kidole."

Pasua hapa: atria, nyembamba kama sikio la mtoto.
Pasua hapa: ventrikali ya kushoto, nene,
maana ndiyo inayoisukuma damu mpaka kwatoni.
Khulan akaomba kutoka nje. Temuulen akapiga picha.
Badamkhand, aliyefika kwa basi la siku mbili kutoka Uvs,
hakuvaa glavu wala hakupasua.
Aliushika moyo
kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kisha jaribio: taja sehemu kumi.
Mchoro ni ule ule wa miaka tisa, nakala ya nakala,
na namba saba ni kigutu,
mshipa uliokatwa pale karatasi ilipochoka.
Jibu ni aota. Alama moja.

Yeye hakutaja.
Alikiendeleza kigutu kwa kalamu: kikapanda, kikapinda,
kikateremka pambizoni, kikaupita mhuri wa chuo,
hadi ukingo wa chini, na kando yake pingili za mgongo.
Akaandika:
*Huu umeegemea uti wa mgongo. Baba hupasua kidogo,
huingiza mkono, huusaka kwa vidole viwili, huukata.
Kondoo hutazama mbingu, kisha macho hubaki tu.
Hata tone haligusi ardhi.
Jina lake silijui.*

Mwongozo wa kusahihisha hauna mahali pa maneno hayo.
Nikatia sifuri.
Ikanitazama, duara, kama tundu la mshipa.

Usiku, maabara tupu, moyo mmoja ulisalia ndooni.
Nikavua glavu.
Nikapenyeza kidole katika namba saba:
ukuta mgumu, laini, unaobana kidogo,
kana kwamba nao unauliza mimi ni nani.
Nina shahada mbili.
Sikuwahi kukigusa bila mpira katikati.

Asubuhi alikuja mbele. "Mwalimu, linaandikwaje?"
Nikaandika ubaoni herufi nne.
Akalisema polepole, mara mbili,
kama jina la jirani uliyekula naye miaka yote
bila kumuuliza.

Sifuri bado ipo kwenye daftari langu.
Kalamu ninayo mkononi.