Amefika, Hajatua

Ambakisye alinipigia kutoka Palermo, mwaka ule wa kwanza:
"Tunis mpaka hapa, dada, hata saa moja haifiki.
Wanakupa kahawa, wanakidai kikombe chao
nawe bado unapuliza."

Nikachukua rula ya mwanangu na atlasi yake iliyochanika,
ramani ya dunia, nikaipima bahari ile.
Kisha nikapima kwetu, Nduli mpaka Songwe.
Kule milimita nne.
Huku nne kasoro unywele.

Nikacheka peke yangu.
Milimita zetu zina misonobari ya Mafinga,
zina Makambako na mahindi ya kuchoma yanayoingia dirishani,
zina mteremko wa Inyala, ambapo dereva hunyamaza
na redio nayo huzimwa.
Ukipanda Ipogolo na shati lililonyooka,
Uyole unashuka una makunyanzi mpaka shavuni.

Leo anakuja. Miaka tisa.
Nipo zamu, hali ya hewa, Songwe,
nahesabu taa za njia ya ndege: moja, mbili, tatu,
ya nne imemezwa.
Ukungu wa Machi umelala uwanjani
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Naandika: umbali wa kuona, mita mia mbili.
Mkono ni wangu, kalamu ya serikali.
Mnarani wanaisoma namba, wanampelekea rubani.

Nasikia injini. Inapita, inakwenda Mbalizi, inarudi.
Saa moja na ushei kutoka Dar ameshaimaliza;
zimebaki mita za kwenda chini,
na hizo hazina tiketi.
Mzunguko wa pili. Nafuta miwani, kana kwamba kosa ni lake.
Wa tatu.
Kisha sauti inakonda, mashariki.

Chini, mama amekaa na sweta lake la kijani,
bakuli la mbalaga limefungwa kitenge, likafungwa tena.
"Tusajigwe, amefika?"
"Amefika, mama. Hajatua."
Ananitazama kama alivyozitazama ripoti zangu za shule.
"Kwani hukuweza kuandika namba nyingine?"

Saa tatu baadaye simu inalia. Yuko Dar,
anatokwa jasho ndani ya koti la Ulaya:
"Juu kulikuwa na jua, dada! Rungwe imechomoza
kama goti la mtu anayeoga. Nikajua nyumba iko wapi,
nikamwonyesha jirani yangu wa kiti, mtu wa Vwawa,
akasema ndiyo, ndiyo, na mimi naona.
Tulikuwa karibu kiasi gani?"

Daftari liko wazi mbele yangu.
Mama ameshalifungua bakuli, anakula ndizi moja, baridi,
polepole, akitazama juu
ambako sasa, saa sita kasoro, ukungu unaachia
na taa zote zinaonekana, mpaka ya mwisho,
zinawaka bure.

"Panda basi la usiku," namwambia.
"Kaa upande wa kushoto."