Sikio la Kufa

Aliitwa Watachoka,
jina la kuwatupia majirani juu ya uzio wa michongoma,
na kila jioni baba aliliita kwa nguvu
mpaka nusu ya Ipuli ifunge madirisha.

Baba alikuwa mnyapara wa ghala la tumbaku, Urambo,
miaka kumi na tisa.
Alirudi Tabora na filimbi, koti la kaki,
na imani moja: penye wawili, mmoja ni mkubwa.

Basi mbwa hali kabla ya baba kula.
Mbwa hapiti mlangoni kabla ya baba kupita.
Mbwa akimkazia macho
hupinduliwa chali vumbini, goti kifuani,
mpaka aangalie pembeni.
"Umeona?" baba husema, akipangusa mikono.
"Amekiri."

Mimi niliona ulimi ukilamba pua isiyo na kitu.
Niliona mwayo wa mbwa asiye na usingizi,
mkia umefyatwa mpaka tumboni,
na mkojo, mstari mwembamba,
ukinywewa na mchanga.
Sikujua kuyasoma hayo.
Nilikuwa darasa la sita, nasoma maandishi tu.

Mwezi wa sita nyasi zikakauka.
Watachoka akaanza kutikisa kichwa
kama anayekataa jambo tusilolisikia.
Baba akishika kamba ya shingoni, ngurumo.
"Anataka kunipindua," akasema,
kama rais wa nchi ndogo.

Alinguruma mara tatu. Nilihesabu.
Mara ya nne hakunguruma,
kwa kuwa zile tatu zote zilijibiwa kwa fimbo.

Baba akaenda Kitete kuchomwa sindano,
mkono umefungwa kwa kanga ya mama,
nyuma akaacha agizo:
nikirudi nisimkute.

Kaka Mhoja akatafuta rungu.
Mimi nikachukua kiporo cha ugali
nikakaa chini, ubavu kwake, bila kumtazama.
Sikuwa na elimu yoyote.
Nilikuwa nimechoka kusimama.

Jua likahama kutoka kwenye ndoo
hadi kwenye madebe ya asali.
Garimoshi la Kigoma likapiga honi, likapita.
Akaja.
Akalaza kichwa gotini, sikio la kushoto juu,
kama mwanafunzi anayefungua daftari
penye swali lililomshinda.

Ndani, chini ya usaha:
mbegu ya nyasi, nyembamba kuliko punje ya uwele,
ina mkia wa mwiba,
na kila alipotikisa kichwa ilisogea ndani zaidi.

Hiyo ndiyo iliyotaka kumpindua baba.

Siku hizi, nikipata asubuhi tupu,
huenda nyuma ya machinjio kumtafuta mfalme wao.
Yule mweusi mpana alimwachia mfupa jike anyonyeshaye.
Jike huyo huyo alimpisha kilema kwenye dimbwi.
Kilema alitimuliwa na kuku mwenye vifaranga.
Nimelifuta neno mfalme.
Nimeandika: njaa, watoto, jua kali,
nani anamfahamu nani.

Lakini jioni ile baba alimkuta hai,
na rungu halionekani.
Alisimama, akakohoa.
Mbwa akageuza uso.
"Amekiri," akasema baba,
na hakumpindua tena hadi mbwa alipozeeka.
Tulimwachia ushindi wake. Haukuwa na gharama.

Ila usiku, mkekani, nilitazama.
Mama hakumega mpaka baba amege.
Mhoja alijibana ukutani kumpisha mlangoni.
Na mimi, nilipoulizwa rungu liko wapi,
nililamba midomo mikavu,
nikaangalia pembeni,
nikapiga mwayo
bila chembe ya usingizi.