Taa Inakufaje

Duka la Shebwana Obo, nyuma ya soko la zamani, Malindi.
Saa tano asubuhi, na mabati yameanza kulia kwa joto.
Taa nane za kichwa amezipanga juu ya kioo cha kaunta,
kila moja na majigambo yake kwenye boksi:
lumeni elfu, lumeni elfu tatu.
"Hii," asema, "yapiga toka hapa hadi Nguzo ya Vasco."
Mie sitafuti nguzo, namwambia.
Niendako, ukuta wa mbali kabisa uko hatua kumi na mbili.

Chema chajiuza, nawaza, na hii yenye mdomo
imeshapanda moto kiganjani kama kikombe cha kahawa.

Siulizi inawakaje. Nauliza inakufaje.
Inafifia polepole, ikiaga,
kama mgeni mwenye adabu anayeanza kutafuta viatu
kabla hujamchoka,
au inakatika tu, pu!
kama simu ya mtu unayemdai?

Maana mwaka jana ilikatika.
Mimi na Changawa, pango la matumbawe
nyuma ya mikorosho ya kina Thoya,
ukumbi wa tatu, pale mizizi ya mkuyu imetoboa dari.
Taa yake aliiacha kwenye pikipiki.
Tulikuwa tunaingia dakika tano tu.

Usiku una nyota, una jiko la jirani, una mbwa.
Lile halikuwa usiku.
Niliweka kiganja mbele ya macho, nikaapa nakiona.
Changawa akasema, "Hata mimi nauona mkono wangu,"
tukanyamaza, sote tukijua tunadanganywa.
Popo walipita jirani na masikio,
kila mmoja na shughuli yake,
wala hawakutugusa.

Saa nzima na robo, ndipo nikaikumbuka kamera.
Nikatafuta kwenye kioo chake
picha nyeupe kuliko zote nilizokuwa nazo:
shangazi yangu Nyevu, Jumapili, anakuna nazi.
Tulitoka kwa mwanga wa ile nazi,
shubiri kwa shubiri.

Kwa hiyo nisamehe, Shebwana, nikiomba ndoo.
Naitumbukiza. Anashika kichwa: "Dada, hujalipa!"
Naivaa, natikisa kichwa kama mbuzi mwenye kupe.
Navaa glavu zilizokaukiana tope, nafumba macho, nasaka kitufe.
Tunajifungia stoo, nitazame rangi yake
juu ya gunia la chumvi.
Moja ni ya buluu, inalifanya jiwe lifanane na maiti.
Nyingine inatetemeka; jicho halijui, lenzi inajua,
picha hutoka na michirizi kama kikoi.
Na betri ziwe za redio, zile utazikuta hata Marafa
katika duka lenye sukari na majani ya chai tu.
Ya kuchaji ni nzuri, sikatai.
Ila pangoni hakuna soketi.

Ninayoichukua ina sura mbaya, rangi ya boga lililolala nje,
betri zinakaa kisogoni,
lumeni mia tatu na hamsini.
Yachukua saa mbili kufa.
Shebwana anaandika risiti kwa huzuni;
naomba na pacha wake, huzuni inapungua.
Ya tatu ni tochi yangu kuukuu. Mbacha wangu siuachi.

Jumamosi. Kamera juu ya miguu mitatu,
Changawa chini ya mizizi.
Nasema, "Zima."
Anakawia. Nasikia anavyokawia.
Kisha anazima, nami nazima,
kidole nakiacha pale pale juu ya kitufe.
Nafungua kamera, tunahesabu kwa sauti.
Kwenye saba nawasha, napitisha mwanga juu ya mizizi
taratibu, kama mtu apakaye chokaa,
nashuka hadi usoni pake.
Kwenye kumi na tisa anaacha kuhesabu: "Upo?"
"Nipo. Usiseme, utaharibu picha."

Ninayo hapa. Mizizi imetulia,
jiwe lina rangi yake, ya maziwa yaliyoungua kidogo.
Mdomo wa Changawa tu umetoka na ukungu.