Msumari Mmoja

Yapsiwa aliingia maabara Jumatatu,
viatu mkononi, soksi zimelowa umande wa Teryet,
akasema: Miguu imegoma.
Kilomita ya sita nabeba gunia,
na wale niliokuwa nawaacha konani
siku hizi nawasoma migongo.

Kocha alisema uvivu.
Shangazi alisema jicho la watu.
Mimi nikasema: lete kidole.

Damu ikatandaa juu ya kioo,
nyekundu, ndiyo, lakini wekundu wa majani ya chai
yaliyochemshwa mara ya tatu.
Kwenye darubini chembe zilikuwa ndogo,
zimepauka katikati
kama sahani zilizolambwa.

Unakula nini? Posho na kabeji.
Maharage? Yapo.
Chai? Akacheka. Chai kabla, chai baada,
chai juu ya maharage kabla hayajatulia tumboni.
Na nini tena?
Akanyamaza. Akatia mkono mfukoni,
akatoa kibonge cha udongo, kimeng'atwa pembeni.
Mvua ikinyesha, alisema, unaniita kwa jina.

Sikumcheka.
Mwili hujua unachodai,
duka ndilo usilolijua.

Kapchorwa yote hii ni kutu:
barabara inapaka wekundu hadi kwato za mbuzi;
bati la kanisa, jembe, geti la hospitali,
vyuma kila upande,
na chuma chote cha mtu mzima, ukikikusanya,
ni msumari mmoja wa inchi mbili.
Fundi ukimponyoka hainami kuuokota.
Nao ndio unaobeba pumzi
kutoka kifuani hadi kwenye kidole gumba cha mguu,
ukipungua kila mwezi,
ukipungua kwa jasho,
ukipungua kila unyayo unapogonga lami.

Bibi yangu alikuwa na rovu
lililomkalia shingoni kama mtoto asiyetaka kushuka.
Alikosa madini joto,
kiasi ambacho huwezi kukibana kwa kucha.
Nilikua nikilichezea, nikidhani kila bibi huzaliwa nalo.
Labda ndiyo maana nimeishia hapa,
kuhesabu visivyoonekana.

Basi nikamwandikia vidonge, na nyuma ya karatasi:
dodo, maharage, ini ukilipata,
pera bichi au chungwa pembeni,
mbegu za maboga usizitupe.
Chai isubiri saa mbili.
Hapo kwenye chai ndipo alipokunja uso.

Wiki kumi na moja zikapita.
Alirudi jioni moja, viatu miguuni,
nikamuuliza muda wake wa kilomita kumi.
Hakunitajia.
Alisimama dirishani akitazama wingu likishuka kutoka mlimani,
matone ya kwanza yakipiga vumbi.
Imenyesha jana pia, alisema.
Nikasikia harufu ya udongo.

Ikawa harufu tu.