Sepetu ya Kukodi

Gari tulilinunua kwa mwoka mikate aliyefilisika.
Hata leo ukifungua mlango wa nyuma
harufu ya hamira inakupokea kabla ya mtu.
Palipokuwa na rafu Parehuia kaweka kitanda,
jiko la gesi, sufuria moja isiyo na mfuniko,
na kile kimya tulichobeba tangu mwezi wa nne,
siku nyumba ya mama ilipouzwa
nikampa kalamu yangu atie sahihi,
naye akatoa yake mkobani.

Tulitoka Thames alfajiri. Kona, kona tena,
mlima kushoto, ghuba kulia,
na mipohutukawa imeng'ang'ania jabali
kama wapangaji waliogoma kuhama,
maua yao mekundu yamepeperukia lami.
Mimi naendesha. Yeye ana ramani,
ananionyesha njia kwa kidole.

Ufuo wa kwanza ni kokoto tupu.
Alivua viatu, akaingia hadi magotini,
akarudi na sketi iliyolowa.
Ufuo wa pili, mchanga mweupe
unaolia ukiukanyaga, kwi, kwi,
kama viatu vipya msibani.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nilimenya yai nikampa nusu.

Ufuo wa tatu una ratiba, kama hospitali.
Maji hukupwa saa tisa na robo:
saa mbili kabla, saa mbili baada,
kisha bahari inadai chake.
Kibandani, mvulana aliyeng'oka jino la mbele,
Tamahou, ndivyo fulana yake ilivyosema,
anakodisha sepetu. Dola kumi,
na ishirini za amana.
"Watu hukimbia nazo," alisema.
"Sijui huenda kuzika nini."

Nikasema, hapa.
Akasema, pale.
Hata nyumba tuliigombania hivyo hivyo.
Tukachimba hapa, kwa kuwa sepetu nilishika mimi,
tukapata dimbwi la baridi ya kukata mfupa.
Hatua nne kando, familia ya Wajerumani
imekaa shimoni inachemka na kucheka,
baba yao mwekundu kama kamba aliyeiva.
Nami nimebaki na nguo ya kuogelea, upepo mgongoni;
maji nimeshayavulia nguo,
lakini haya siyo.

Tamahou akapaza sauti kutoka kibandani:
"Vidole! Chokoeni kwa vidole vya miguu
mpaka muungue!"

Parehuia akaenda pale, pale pake,
akazungusha wayo mchangani kama anazima sigara,
akaruka:
"Mama!"

Miezi tisa, na neno hilo
hakuna aliyelitamka kati yetu.
Limetoka kwa kuungua tu.
Tukatazamana. Nikampa sepetu.

Alichimba yeye. Mimi nilipiga ukuta kwa viganja.
Tukakaa, magoti kwa magoti,
makalio yanaungua, mabega yanaganda,
kila dakika tunahama nusu shibiri
kama watu wanaogeuza mkate kikaangoni.
"Unakumbuka bomba la bafuni," akaniuliza,
"lilivyokuwa likigonga usiku?"
"Mama alisema ni baba, amesahau ufunguo."
"Wale wanunuzi wamelitengeneza?"
"Sijui."
"Wasilitengeneze," akasema,
akajimwagia maji usoni, mara mbili.

Wimbi la kwanza lilikuja kama mgeni mwenye adabu,
likagusa ukuta, likarudi.
La pili halikubisha hodi.
Ukuta tuliujenga mara tatu.
Mara ya nne tulikaa tu tukautazama ukienda,
ya moto na ya baridi yakachanganyika,
na Wajerumani wakikimbiza kandambili zao.

Tamahou aliikagua sepetu mbele na nyuma,
akaturudishia ile noti ya ishirini.
Parehuia aliinyoosha pajani:
"Kumi zako, kumi zangu?"
Mvulana alikuwa na chenji.
Sote tukamwona akiihesabu,
na kabla hajamaliza dada yangu akasema, "Acha,"
akaenda kununua chipsi.

Tulizila mlangoni mwa gari, miguu inaning'inia,
mchanga umejaa kitandani,
hamira na chumvi vikigombania pua.
Siki alikuwa amezidisha.
Nilitaka kusema.
Nikala.